Kosa Lisilofutika kwa Ufutio

Mtoto wa darasa la tatu akiandika kwamba saba mara nane ni hamsini na nne, kosa hilo ni siri ya watu wawili, yeye na mwalimu wake, na mwalimu mwenyewe atalijua baadaye, akishalifikia daftari lake katikati ya rundo. Kalamu nyekundu itapita, mtoto atalifunga daftari haraka jirani asione, na maisha yataendelea. Lakini mtoto huyohuyo akiimba "fa" mahali palipotaka "mi", habari zinafika darasa la pili, ofisi ya mwalimu mkuu na kwa mama muuza vitumbua aliye nje ya uzio kabla mwenyewe hajafumba mdomo. Hakuna ufutio wa kulifuta kosa hilo, wala ukurasa wa kuligeuza. Watu wakiulizwa kwa nini muziki haufundishwi ipasavyo katika shule zetu za msingi hutoa sababu nyingi: vyombo hakuna, walimu hawakusomea, mtihani hauulizi habari za do re mi. Mimi nashikilia sababu nyingine, nami nitaitetea hapa. Tunalikwepa somo hili kwa sababu ndani yake kosa halina pa kujificha, liwe la mtoto au la mwalimu. Na hilo linalotufanya tulikwepe ndilo lingetufanya tulifundishe kila wiki bila kukosa.

Tuanze na ushahidi, yaani ajali zenyewe. Ya kwanza hutokea wimbo ukiwa bado haujaanza. Mwalimu wa kiume anasimama mbele ya watoto themanini, anakohoa kidogo, kisha anaanzisha wimbo kwa sauti inayomkaa vizuri yeye. Sauti ya mwanamume mtu mzima huwa chini ya ile ya mtoto kwa takriban oktava nzima, yaani kutoka do mpaka do inayofuata. Hapo darasa hugawanyika bila mtu kupiga kura. Wapo wanaoruka oktava moja juu bila kuambiwa, na hao ndio wenye masikio. Wapo watiifu wanaomfuata mwalimu hukohuko chini alikokwenda, wakaishia kunguruma. Kundi la tatu, ambalo kwa kawaida ndilo kubwa, hutafuta mahali pa katikati pasipo na ufunguo wowote unaojulikana. Mwalimu akiona mambo yameharibika hufanya lile ambalo binadamu yeyote angelifanya: anapaza sauti. Sauti ikipazwa kwa nguvu hupanda, kwa hiyo ubeti wa pili unaanza juu ya pale wa kwanza ulipoishia, na kufikia ubeti wa tatu mishipa ya shingo ya mwalimu imekwisha kujitokeza na yeye mwenyewe anaomba moyoni wimbo huu uwe na beti tatu tu. Dawa ipo na haina gharama: amwombe mtoto mmoja mwenye sauti nzuri aanzishe, naye afuate. Ila dawa hiyo ina masharti, kwa maana inamtaka mtu mzima amfuate mtoto mbele ya darasa zima.

Ajali ya pili ni ya asubuhi, mstarini, shule nzima inapoimba wimbo wa taifa. Darasa la kwanza limepangwa mbele, vigogo wa darasa la saba wako nyuma, na wimbo unapofika katikati inadhihirika kwamba kuna nyimbo mbili, moja ikiikimbiza nyingine. Mwalimu wa zamu hutangaza hapohapo kwamba darasa la saba ni wavivu. Darasa la saba wanaonewa. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa kama mita 340 kwa sekunde, hivyo ikiwa mistari ina kina cha mita 34, sauti ya mbele huwafikia wa nyuma ikiwa imechelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Wa nyuma wakisubiri kuisikia ndipo wafuate, sauti yao huwarudia wa mbele ikiwa imechelewa mara mbili ya hapo, nao wa mbele, kwa adabu, wanapunguza mwendo ili kuwasubiri. Kila upande unamngoja mwenzake na wimbo unaburuzwa mpaka mwisho. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Kuhusu wimbo hawakusema kitu. Hapa pia dawa inajulikana: anayeongoza asimame juu ya jiwe au kiti, kila mtu afuate mkono wake kwa macho, kwa kuwa picha ya mkono haichelewi njiani. Watoto hao wakifika sekondari watafundishwa mwendo wa sauti ubaoni kana kwamba ni habari mpya, ilhali wameufanyia majaribio kila asubuhi kwa miaka saba, huku wakigombezwa kwa matokeo sahihi.

Ya tatu tuichukue Kenya, ambako mtaala wa umilisi uliwapeleka watoto wa gredi ya nne kwenye filimbi ya plastiki iitwayo rikoda, na wazazi wakatumwa madukani. Kwa macho ni kitu chepesi. Noti ya kwanza anayofundishwa mtoto ni B: dole gumba la mkono wa kushoto linaziba tundu la nyuma, kidole cha shahada kinaziba tundu la kwanza la mbele. Akiongeza kidole cha kati anapata A. Akiongeza cha pete anapata G. Vidole vinne, noti tatu, na mtu mzima anayesoma maelezo hayo haoni palipo na shida. Shida iko kwenye ncha ya kidole cha mtoto wa miaka tisa, ambayo ni nyembamba, ina jasho, na pengine ina mabaki ya embe. Ikiacha upenyo wa unene wa unywele, filimbi haitoi noti, inapiga yowe. Akipuliza kwa nguvu kupita kiasi, sauti inaruka oktava nzima juu. Naye lazima atapuliza kwa nguvu, kwa sababu tangu azaliwe ameambiwa kwamba juhudi ndiyo ufunguo wa mafanikio. Sasa wazidishe mara arobaini. Hata pale wote wanapoziba matundu sawasawa, filimbi hazifanani: moja ikitoa mitetemo 440 kwa sekunde na ya jirani ikatoa 446, sikio litasikia sauti moja inayopanda na kushuka mara sita kila sekunde. Mzazi aliyelalamikia bei ya chombo hicho, kikishaletwa nyumbani kwa mazoezi ya jioni, yuko tayari kulipa mara mbili kibaki shuleni.

Ajali ya nne inastahili kuangaliwa kwa karibu, maana ndani yake kuna somo zima la mdundo. Mahafali ya darasa la saba yamekaribia na mgeni rasmi ni Mkuu wa Wilaya. Wimbo wa kumkaribisha umetungwa, cheo chake kimewekwa kwenye kiitikio, na watoto wamefanya mazoezi wiki nzima mpaka hata wapita njia wanaujua. Asubuhi ya sherehe inaletwa taarifa kwamba Mkuu wa Wilaya amepata dharura na atawakilishwa na Kaimu Afisa Elimu Kata. Mwalimu wa kwaya anawaambia watoto, kwa sauti ya mtu asiyeona tatizo, "Badilisheni cheo tu." Hesabu silabi: "Mkuu wa Wilaya" zipo saba, "Kaimu Afisa Elimu Kata" zipo kumi na moja. Silabi nne zimeingia kwenye wimbo bila kupangiwa pa kukaa. Mbele ya mgeni, safu ya kwanza inazimeza, safu ya pili inazikimbiza zote ndani ya mapigo yaleyale, safu ya tatu inazitamka kwa utaratibu na kumaliza kiitikio wakati wenzao wameshaanza ubeti, na mtoto mmoja mdogo mwenye sauti kali kuliko wote anaendelea kumkaribisha Mkuu wa Wilaya mpaka mwisho. Mgeni anatabasamu kwa upole na kuandika kitu kwenye karatasi. Watu wazima waliopo wanaona fedheha. Mtu wa muziki angeona kwamba safu ya pili imegundua yenyewe jinsi ya kugawa pigo moja katika vipande vidogo zaidi, jambo ambalo kwenye kitabu lina sura yake na mazoezi kumi.

Ukiziweka ajali hizo nne pamoja utaona zinafanana kwa mambo ambayo makosa ya masomo mengine hayana. Kosa linajulikana papo hapo na kila mtu, hata aliyelifanya, bila kusubiri maksi. Linaweza kurekebishwa papo hapo pia, kwa kurudia mstari mmoja, na sahihisho husikika kwa wote kama kosa lilivyosikika. Mara nyingi halina mwenyewe: ni la safu nzima, au la umbali, au la mwalimu aliyeanzia chini. Na kubwa kuliko yote, wimbo haumngoji aliyekosea. Mtoto akiteleza kwenye hesabu anaweza kukaa juu ya swali hilo mpaka kengele ilie; akiteleza kwenye wimbo, mapigo yanaendelea na hana budi kuwadaka wenzake mbele ya safari. Kukosea hadharani, kusikia umekosea, kutokufa, na kuingia tena kwenye pigo linalofuata: sijui kipindi kingine kwenye ratiba kinachofundisha mambo hayo manne ndani ya dakika 40. Tunalalamika kila siku kwamba vijana wetu wanafika vyuoni wakiogopa kuuliza swali wasije wakachekwa. Tunashangaa nini, ikiwa kwa miaka yote ya msingi tumewazoesha kwamba kosa ni kitu cha kufunikwa kwa kiwiko cha mkono?

Sasa tuje kwenye pingamizi, tukianza na lile linalotajwa kwanza katika kila kikao: shule haina vyombo. Pingamizi hili lingekuwa na uzito kama muziki wa shule ungekuwa umebuniwa kwenye majumba yaliyojaa piano. Sivyo ilivyokuwa. Solfa tunayoijua, ile ya herufi d r m f s l t, ilianzishwa na mwalimu mmoja wa kike wa mji wa Norwich nchini Uingereza, Sarah Glover, katika karne ya 19, ikaboreshwa na kusambazwa na mchungaji John Curwen kwa lengo la kuwawezesha watoto na watu wa kawaida kuimba bila chombo na bila kununua vitabu ghali vya nota. Curwen aliongeza ishara za mikono, moja kwa kila sauti, ambazo baadaye Zoltán Kodály wa Hungaria alizikubali na kuziingiza kwenye mbinu zake za kufundishia watoto. Wamisionari wakaileta Afrika, na hadi leo kwaya nyingi zinajifunza nyimbo kwa herufi hizohizo zilizoandikwa ubaoni kwa chaki. Vifaa vinavyohitajika ni ubao, chaki, mikono miwili ya mwalimu na vifua vya watoto, ambavyo huja shuleni kila siku bila kuagizwa. Anayetaka midundo atapata vizibo vya soda vilivyotobolewa na kufungwa kwenye waya, kayamba la matete na punje, na dawati lenyewe, ambalo watoto walishaligundua kuwa ni ngoma tangu wiki ya kwanza. Kwa hiyo shule inayosema imekosa vyombo imekosa kitu kingine.

Pingamizi la pili ni kelele: muziki unasumbua madarasa mengine. Hili linatolewa kwa uso mkavu na watu ambao shule zao hazijapata kuwa kimya hata siku moja. Saa mbili na robo asubuhi darasa la pili linaimba tebo ya tatu kwa sauti ya kung'oa bati. Darasa la nne linamsalimu mwalimu aliyeingia, wote kwa pamoja, kwa kuvuta silabi mpaka salamu inachukua muda wa kikao kifupi. Kengele ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe na kugongwa kwa nondo. Kabla ya hayo yote kulikuwa na mchakamchaka, nao huimbwa kwa kukimbia kuzunguka mtaa mzima. Katika kelele zote hizo hakuna anayelalamika. Nauliza basi tofauti iko wapi, na jibu naliona hili: tebo ya tatu haina mi wala fa, hivyo hakuna anayeweza kujua kama imeimbwa vibaya. Mara tu sauti zinapopewa mahali pake, zikawa zinaweza kukosea mahali hapo, ghafla zinaitwa kelele. Tunavumilia sana sauti za watoto, mradi zisiwe na kipimo cha kutuonyesha kwamba mambo hayaendi vizuri.

Pingamizi la tatu ni mtihani. Muziki hauulizwi darasa la saba, kwa hiyo muda wake ni bora upewe Hisabati. Kama hoja hii ingefuatwa kwa uaminifu ningeiheshimu, lakini haifuatwi. Akitajwa mgeni rasmi, Hisabati hiyohiyo inasimamishwa siku nne ili kwaya ifanye mazoezi. Kenya ina mashindano yake ya muziki tangu mwaka 1927, Tanzania ina UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi ambayo huweka kwaya na ngoma pembeni ya mpira wa miguu, na kwa ajili ya mashindano hayo mabasi hukodiwa na sare hushonwa. Maana yake tunaujua umuhimu wa muziki vizuri kabisa. Tunachotaka ni muziki uliokwisha kuiva, ulioimbwa na watoto thelathini waliochaguliwa kwa sauti, huku mamia waliobaki wakipiga makofi chini ya mwembe. Mtaala mpya wa Tanzania ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 umeupa muziki nafasi ndani ya somo la Sanaa na Michezo, na Kenya nayo, ilipopunguza idadi ya masomo, iliuweka kapu moja na uchoraji na michezo. Ni jambo jema kwenye karatasi. Uwanjani, mwalimu mwenye uhuru wa kuchagua kati ya sanaa na michezo atatoa mpira mmoja kwa watoto themanini na kukaa kivulini, kwa sababu mpira ukipigwa vibaya hakuna atakayesema mwalimu ndiye aliyeuanzishia chini.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi na kusema kwamba nyimbo za watoto ni mchezo tu, hazijengi taifa. Watu hao nawaomba wasimame wima kidogo. Wimbo wa taifa wa Tanzania una tuni iliyotungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni huko Johannesburg, ambaye alizoea kuwatungia wanafunzi wake nyimbo na kuziandika kwa solfa. Alifariki mwaka 1905 akiwa kijana, bila kujua kwamba zoezi lake la darasani lingeimbwa na mataifa. Kaburi lake lilifanywa kumbukumbu ya taifa la Afrika Kusini mwaka 1996. Vuka mpaka uende Kenya. Wimbo wao wa taifa, ulioandaliwa mwaka 1963 na kamati iliyokuwa na wanamuziki kama Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Washington Omondi, umejengwa juu ya tuni ya wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto alale. Nchi mbili jirani, zenye majeshi na mizinga, husimama kwa heshima mbele ya zoezi la mwalimu wa shule na wimbo wa kulaza mtoto mchanga. Kama hiyo haijengi taifa, sijui matofali mengine yako wapi.

Pingamizi la nne huja kwa sura ya sifa: watoto wetu wana muziki damuni, hawahitaji kufundishwa. Ajabu ni kwamba hakuna anayesema watoto wa wafanyabiashara wana hesabu damuni wafutiwe kipindi. Ila pingamizi hili lina chembe ya ukweli inayofaa kuchunguzwa. Nenda uwanjani wakati wa mapumziko uwaangalie wasichana wanaocheza kupigana viganja: mikono inavuka, inapishana, mapigo ya mguu yanakwenda mawili pale viganja vinapokwenda matatu, maneno yanaimbwa juu ya hayo yote, na anayekosea anatoka, anacheka, anangoja zamu yake irudi. Kengele ikigongwa, wasichana haohao wanaingia darasani, wanaandikiwa ubaoni maana ya mapigo, wanainakili, na wakiulizwa kupiga makofi manne kwa usawa wanashindwa. Kumfundisha mtoto mdundo kwa kunakili maana yake ni sawa na kumlisha ubwabwa kwa kumwandikia mapishi. Kilichopotea kati ya uwanja na dawati hakikuwa damu. Uwanjani kosa lilikuwa sehemu ya mchezo. Darasani limekuwa jambo la kuandikwa kwa wekundu, na mikono ikaganda. Kazi ya mwalimu wa muziki ingekuwa kuuleta uwanja ule ndani, kisha kuongeza kile ambacho uwanja hauna: sauti mbili kwa wakati mmoja, nyimbo za makabila mengine, na uwezo wa kuusoma wimbo ambao hukuwahi kuusikia.

Linabaki pingamizi moja ambalo silichukulii kwa mzaha. Mtu anaweza kuniambia: unasifu kosa la hadharani, lakini aibu ya hadharani huumiza. Ni kweli. Wako watu wazima, wenye vyeo na wajukuu, ambao hawajaimba tangu siku mwalimu alipowanyooshea kidole na kusema, "Wewe fungua mdomo tu, sauti usitoe." Walifungua mdomo hivyo kwa miaka, na sasa hawatoi sauti hata msikitini, kanisani au kwenye harusi ya mtoto wao. Lakini tazama jeraha lilitoka wapi. Halikutoka kwenye noti iliyokosewa, maana noti hiyo ilikwisha kupita na wimbo ukaendelea. Lilitoka kwenye kidole. Kosa la kwaya linapoachwa kuwa la kwaya, hupungua uzito kwa kugawanywa. Linapochomolewa na kuvikwa jina la mtoto mmoja, hapo ndipo linapokuwa hukumu. Namna ya kufundisha ipo: safu iimbe kwa kuijibu safu, wimbo uanzishwe upya bila hotuba, mwenye sauti iliyopotea asimame kati ya wawili walioishika, na mwalimu akikosea aseme "tumekosea" kwa sauti ileile anayosemea watoto wanapokosea. Mbinu hizi hazihitaji cheti cha muziki. Zinahitaji mtu aliyekwisha kukubali kusikika.

Ndiyo maana sioni kwamba tatizo letu litakwisha siku tutakapopata walimu wenye sauti za dhahabu, ingawa wanakaribishwa, na vyuo vinavyowafundisha vinastahili kuongezewa nguvu. Mwalimu mwenye sauti ya wastani anayeanzisha wimbo, akasikia ameanzia chini, akacheka, akaanza upya, anawafundisha watoto jambo ambalo mwenye sauti ya dhahabu huenda asipate nafasi ya kulionyesha. Tunachohitaji kubadili ni vigezo vya kumpima. Mthibiti ubora wa shule akipita karibu na darasa, akasikia solfa inayopanda vizuri na kushuka kwa mashaka, vizibo vya soda vinavyowahi pigo, na mwalimu anayesema "tena, kuanzia pale tulipoharibu", aandike kwamba somo linaendelea. Akikuta kimya kizuri, watoto wameinama wananakili maana ya wimbo kwa mwandiko safi na ubaoni hakuna kosa hata moja, aandike, kwa kalamu nyekundu akipenda, kwamba siku hiyo kipindi cha muziki hakikufundishwa.